Fundi wa Pumwani, Unga Usiouona Ndio Unakula Mapafu Yako: Hivi Ndivyo Utauzima

Piga picha hii. Ni saa mbili usiku, Majengo. Kuna msee amefunga kibanda chake Gikomba, lakini klayenti anataka stendi ya TV kesho asubuhi, na deposti ilishaliwa kitambo. Atafanya nini? Anabeba vipande vya MDF mpaka kejani, anasukuma kitanda kando, anachomeka sanda kwa stima na kuanza kazi. Mlango ameufunga juu majirani wataleta noma ya kelele. Mtoi amelala nyuma ya pazia. Baada ya saa moja stendi iko laini kabisa. Jamaa anafagia, anakula, analala.

Asubuhi anakohoa, anapenga kamasi ya rangi ya chai, halafu anasema ni baridi ya Nairobi.

Si baridi, buda.

Kama umekulia hizi pande za Pumwani, Shauri Moyo ama Gikomba, una anko, bro ama jirani fundi ambaye ameishi hivi miaka na miaka. Wazee wa mtaa hukuambia jina Pumwani linatokana na kupumua, mahali pa kupumzika. Mtaa wenyewe ni wa tangu miaka ya 1920. Sasa cheki venye maneno yamegeuka: kuna wasee wanaishi mahali pa kupumua, na kazi inayowapa unga ndio hiyo hiyo inawanyima pumzi.

Leo tunachanuana kuhusu vumbi la mbao. Na hatusemi ile mbao ya kukopa dukani. Ni mbao yenyewe, ile ya kukatwa, kupigwa randa na kupigwa msasa.

Vumbi ziko mbili, na yenye unaona ndio afadhali

Ukikata mbao kwa msumeno ama ukipiga randa, kinachodondoka chini ni maranda na chembe nono. Hizo zinakera, zinaingia kwa viatu na kwa chai, lakini pua yako inajua kudeal nazo. Nywele na kamasi za ndani zinazishika, unapenga, zinatoka.

Noma ni ule unga laini, hasa wa sanda ya stima. Chembe zake zinapimwa kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa chako una unene wa kama maikroni 70. Chembe ya maikroni 10 huwezi kuiona ikiwa peke yake. Zile za maikroni mbili tatu zinapita pua, zinapita koo, zinashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu mahali hewa inaingilia damu. Huko hakuna nywele wala kikohozi cha kuzirudisha haraka.

Sasa sikia hesabu ya kuanguka. Kwa chumba ambacho hewa imetulia, chembe ya maikroni 100 inatoka urefu wa kifua chako mpaka sakafuni kwa sekunde chache tu. Ya maikroni 10 inachukua kama dakika nane. Ya maikroni mbili na nusu inaelea kama masaa mawili. Ile ya maikroni moja inaweza kuning'inia hewani usiku mzima.

Kwa hivyo ukifagia saa tatu na ulale saa nne, umetoa vumbi ambalo halikuwa na shida sana. Lenye shida bado liko hewani, na wewe na familia mnalivuta mkiwa mmelala.

Huamini? Usiku baada ya kupiga msasa, zima taa, washa tochi ya simu na uimulike kutoka kando, si mbele ya macho. Utaona hewa ya keja yako inametameta. Na hapo unaona baadhi tu.

Vidole viwili vinatosha kujaza chumba

Nchi nyingi zimeweka kipimo cha vumbi la mbao ambacho mfanyakazi hafai kupitisha. Uingereza, kwa mfano, inasema vumbi la mbao ngumu lisizidi miligramu 3 kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, ukipiga wastani wa masaa nane ya kazi.

Tuleta hiyo hesabu mtaani. Chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye urefu wa futi nane kwenda juu, kina kama mita 23 za ujazo. Zidisha kwa tatu: unapata kama miligramu 70. Hiyo ni kiasi gani? Ni unga unaoweza kuokota kwa vidole viwili, kama chumvi ya kuonja mboga. Basi. Kiasi hicho kikielea sawasawa kwa keja yako yote, umefika kipimo.

Sasa kumbuka sanda inatoa unga wa kujaza vikombe. Ndio maana ukisikia mtu anasema "mimi nimefagia vizuri", ujue bado hajashika rada.

Hii kitu inafanya nini kwa mwili

Kwanza, pua na macho. Kuwashwa, chafya mfululizo, pua kuziba kila jioni. Wengi wanazoea na kusema "ni allaji tu".

Pili, ngozi na kifua. Kuna mbao ambazo zina kemikali zake za asili. Mvule, ile fundi wanapenda juu mchwa hauigusi, inajulikana kuleta vipele kwa ngozi na pumu kwa watu wengine. Pumu ya kazini ina ujanja wake: unaweza kukaa na mbao miaka mingi bila shida, kisha mwili unakataa siku moja, na kuanzia hapo vumbi kidogo tu linakukaba. Mara nyingi inakuja jioni ama usiku baada ya kazi, kwa hivyo hata hufikirii mbao. Dalili ya kushika ni hii: ukienda ocha wiki mbili kifua kinafunguka, ukirudi kazini kinafunga tena.

Tatu, saratani. Hii ilishikwa England, kwa mji unaitwa High Wycombe, ambao ulikuwa maarufu kwa kutengeneza viti. Miaka ya 1960, madaktari wa huko, akiwemo daktari wa pua na koo Esme Hadfield, waliona saratani moja adimu ya ndani ya pua inawapata sana watengenezaji wa fanicha. Kwa watu wengine wa eneo hilo ilikuwa karibu haipatikani. Wengi walikuwa wameanza kuvuta vumbi hilo miaka 30 ama 40 kabla ya kuugua. Mwaka 1995, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lile la chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo ni hakika vinasababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa sigara uko kundi hilo hilo.

Tusitishane bure: saratani ya pua bado ni adimu, hata kwa mafundi. Kilicho cha kawaida ni kukohoa, pumu na mapafu kupungua nguvu pole pole. Ila ukianza kazi ukiwa na miaka 18, miaka 40 baadaye una 58. Huo si uzee.

MDF ni stori ingine

Wateja wa sai wanataka MDF: stendi za TV, kabati za jikoni, vitanda vya kupakwa rangi. Ni nafuu, ni laini, haina mafundo. Lakini MDF si mbao iliyokatwa. Ni nyuzi za mbao zilizosagwa na kubanwa na gundi, na gundi hiyo kwa kawaida ina fomaldehaidi, kemikali nyingine iliyo kundi hilo la kwanza la saratani. Ukiipiga msasa ama ruta, inatoka unga laini kama wa ngano. Chipbodi na plaiwudi pia zina gundi.

Kwa hivyo kama kuna kitu kimoja hakifai kabisa kupigwa sanda mahali mtu analala, ni MDF.

Sawa, nifanye nini na doo sina?

Wengi wakisikia vumbi wanafikiria maski. Maski ni ya mwisho kwenye laini. Kazi inaanzia kwenye chanzo: toa vumbi kidogo, lishike likitoka, litoe nje, halafu ndio ujifunike.

1. Toa vumbi kidogo. Randa ya mkono yenye makali inatoa maranda, haitoi unga. Fundi wa zamani walikuwa wanakwaruza mbao kwa kipande cha kioo ama kipande cha bamba la msumeno mzee, na mbao inatoka safi. Fanya hivyo kwanza, halafu msasa uwe wa kumalizia tu. Nunua msasa mpya badala ya kusukuma ule umeisha makali. Na kati ya koti moja ya vanishi na nyingine, tumia msasa wa maji ukiwa na unyevu kidogo. Unga unabaki kwa maji, hauruki.

2. Fanyia kazi nje, na usimame vizuri. Jua kali ina faida yake: upepo. Ule msee anapiga msasa barabarani Gikomba anavuta kidogo kuliko yule amejifungia ndani. Lakini simama upepo ukupite kando, kutoka bega moja kwenda lingine. Ukiupa mgongo kabisa, hewa inazunguka mbele ya kifua chako na kurudisha unga usoni. Na ucheki upepo unapeleka wapi. Kama ni kwa mama wa chapo ama kwa dirisha la jirani, hujasuluhisha, umehamisha tu.

3. Lishike likitoka. Kale kamfuko ka sanda kanashika chembe nono na kupitisha laini. Afadhali uunganishe sanda na vakyum kwa bomba. Vakyum ikiziba kila dakika tano, tengeneza kitenganishi cha ndoo. Chukua ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana. Toboa matundu mawili kwa kifuniko. La kando liwe la bomba la kutoka kwa sanda, na ndani uliwekee kona ielekee ukuta wa ndoo, hewa izunguke. La katikati liende kwa vakyum. Hewa ikizunguka, unga mzito unadondoka kwa ndoo. Ule laini sana bado utafika kwa vakyum, kwa hivyo weka filta nzuri na uiache vakyum yenyewe nje ya mlango. La sivyo itakutemea unga huo huo kwa mgongo.

4. Feni itoe, isizungushe. Kama lazima ufanye ndani, weka feni dirishani ikiangalia nje. Fungua mlango wa upande mwingine, juu hewa haitoki kama haina pa kuingilia. Wewe kaa kati ya mlango na kazi, ili hewa safi ikufikie kwanza. Feni ya kukupepea katikati ya chumba inachanganya vumbi tu kama uji.

5. Usifagie kavu, usipulize. Kupuliza nguo na meza kwa kompresa ni kurudisha hewani kila kitu kilichokuwa kimetulia. Tumia kitambaa chenye unyevu. Kwa sakafu, chukua maranda ya jana, yarushie maji kidogo, yatawanye, kisha fagia. Yanashika unga laini. Hii haikugharimu hata shilingi.

6. Sasa maski. Leso na ile maski ya hospitali ya rangi ya samawati hazikusaidii sana, juu hewa inapita kando ya mashavu. Unataka N95 ama FFP2, yenye waya wa kubana kwa pua na inayokaa imeshikamana na uso. N95 ya ukweli inashika angalau asilimia 95 ya chembe ngumu kushika, za karibu maikroni 0.3. Jaribu hivi: ivae, ifunike na viganja, vuta hewa kwa nguvu. Ikikunywea usoni, iko sawa. Ukisikia upepo unapita kando ya pua, rekebisha. Ndevu zinaiharibia kazi, pole kwa mandevu. Ikianza kuwa ngumu kupumulia, ama ikilowa ama kuchanika, tupa. Ukiwa kazini kila siku, maski ya raba yenye filta za kubadilisha itakutoka nafuu kwa muda mrefu.

Na usiivue punde tu umezima sanda. Tumeshaona: zile chembe mbaya bado zinaelea.

Mtoi hakuomba kazi ya fundi

Hapa ndipo wengi tunateleza. Wewe unaweza kusema "mimi nimezoea". Mtoto hajazoea chochote. Anapumua haraka kukushinda, na mapafu yake bado yanakua. Pazia halizuii vumbi. Pazia linashika vumbi, kisha linalitema kila likiguswa.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ya keja: mahali mtu analala hapapigwi msasa. Kata ndani kama huna budi, gundisha ndani, lakini msasa upelekwe uani, barabarani ama kibandani. Umelazimika kabisa? Toa watu wote kwanza, funika vitanda, chakula na mitungi ya maji. Ukimaliza, acha mlango na dirisha wazi masaa kadhaa, pangusa na kitambaa cha unyevu, ndio warudi.

Sheria ya pili: usibebe kazi kwa nguo. Dasti koti ibaki kibandani, ama ining'inizwe nje ya mlango. Oga ama angalau uoshe nywele, uso na mikono kabla ya kumbeba mtoi. Najua ukifika nyumbani anakukimbilia miguuni. Mwambie mathe yake amshike dakika tano tu.

Unga pia unawaka

Watu wa Gikomba hawahitaji kufundishwa moto. Tarehe 28 Juni 2018 moto wa usiku uliua watu 15 hapo, na soko limeungua mara nyingi kabla na baada. Hatusemi vumbi la mbao ndilo liliwasha. Tunasema ukijaza unga mkavu kwenye kibanda cha mbao na mabati, umewekea moto chakula.

Mbao nzima inachelewa kushika. Unga laini unashika haraka, na ukielea mwingi hewani unaweza kulipuka na cheche moja. Usikate chuma kwa grainda karibu na rundo la unga. Jiko la makaa liwe mbali. Waya za stima zipanguswe. Vitambaa vya mafuta ya kupaka mbao vianikwe nje vimetandazwa, juu vikikunjwa pamoja vingine hupata joto vyenyewe mpaka vinawaka.

Kama umeajiriwa, hii inakuhusu

Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamtaka mwenye karakana achukue hatua wafanyakazi wasivute vumbi, na panapowezekana vumbi livutwe karibu na pale linatokea. Pia inamtaka atoe vifaa vya kujikinga. Maski si zawadi ya bosi na haifai kukatwa kwa mshahara wako. Mwaka huo huo ilikuja sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ile watu wanaiita WIBA, na inahesabu magonjwa ya kazi pia, si vidole vilivyokatwa tu.

Tunajua ground vitu ni different. Ukiwa wa kibarua unaogopa kuambiwa kesho usikuje. Basi anzeni kama mbogi: wasee wanne mkichangia vakyum moja na ndoo moja, mtakuwa mmefika mbali kuliko karakana nyingi.

Kikohozi cha wiki mbili si cha kunywea dawa ya duka

Ukikohoa zaidi ya wiki mbili, nenda hospitali. Huku kwetu inaweza kuwa TB, na kupimwa na kutibiwa TB kwa hospitali za serikali ni bure. Ikitoka si TB, usikubali kurudi na siropu peke yake. Mwambie daktari wazi: "Mimi ni fundi wa mbao, napiga msasa, kifua kinabana jioni, nikitoka kazini siku kadhaa kinafunguka." Asipoambiwa kazi yako, hawezi kuunganisha. Uliza kama unaweza kupulizishwa ile mashine ya kupima nguvu ya mapafu. Na kama upande mmoja wa pua umeziba miezi ama unatoka damu bila sababu, hiyo pia isingojee.

Gari likigonga, unashuka Kirinyaga Road unapata spea. Mapafu hayauzwi Kirinyaga Road. Yule klayenti wa stendi ya TV atakuja kesho asubuhi, atabeba mzigo wake, atalipa balansi na kusahau jina lako. Unga aliouacha kwa keja yako utakuwa bado unaelea. Leo usiku, kabla hujawasha sanda, fungua mlango, hamisha mtoi, na upeleke hiyo kazi nje.